Baiskeli ya mizigo ya familia: je, inarudisha gharama yake?

Wiki hii tumepokea ujumbe wa simu kutoka kwa mama mmoja, msikilizaji wetu wa siku nyingi. Anasema mume wake amepanga kuuza mbuzi watatu ili anunue baiskeli na kuipeleka kwa fundi iwekewe keria ya kubebea mizigo. Mume anasema baiskeli itaisaidia nyumba. Mama anaona mbuzi ndio benki yao, na ana wasiwasi kwamba baiskeli itaishia kuegeshwa kijiweni. Anatuuliza akubali au akatae.

Tulipolisoma swali lake hewani, simu za studio hazikutulia. Wengine walisema baiskeli ni mkombozi. Wengine walisema zama zake zimepita, siku hizi ni bodaboda. Muda wa kipindi ukaisha kabla hatujafika popote, ndiyo maana tumeliandika hapa kwa kirefu, ili uweze kusoma taratibu na kupiga hesabu ya nyumba yako mwenyewe.

Tuseme mapema tulikofikia. Baiskeli ya mizigo inarudisha gharama yake pale inapofanya kazi siku nyingi za wiki, na pale kila mwenye mzigo katika nyumba anapoweza kuitumia. Ikikosa moja kati ya hayo mawili, mara nyingi ni afadhali mbuzi wabaki zizini.

Tunazungumzia baiskeli gani?

Vijijini kwetu kuna baiskeli za aina nyingi, na si zote zinafaa kubeba mzigo. Ile inayojulikana zaidi ni baiskeli ndefu nyeusi yenye magurudumu makubwa ya inchi 28, kama Phoenix ya China au Hero na Avon za India. Ukihesabu spoki za baiskeli za mtindo huo utakuta kwa kawaida gurudumu la mbele lina 32 na la nyuma 40. Waliozibuni walijua kwamba uzito wote unakaa nyuma.

Hata hivyo, keria inayokuja na baiskeli hiyo kutoka dukani ni nyepesi. Inafaa kubeba begi au mtu mmoja. Ukiweka gunia kila siku, itapinda au itakatika kwenye skrubu. Ndiyo maana mafundi wetu huitoa na kuchomelea nyingine ya chuma kizito, yenye miguu minne inayoshuka hadi kwenye ekseli. Wengine huongeza vyuma viwili pembeni vya kushikilia madumu ya maji.

Aina ya pili ni baiskeli zilizoundwa tangu kiwandani kwa ajili ya mizigo ya vijijini. Mojawapo ni Buffalo, inayosambazwa na shirika la World Bicycle Relief, lililoanza mwaka 2005, katika nchi kama Zambia, Malawi, Zimbabwe na Kenya. Keria yake imetengenezwa kubeba hadi kilo 100. Bei yake iko juu ya ile ya baiskeli ya kawaida, na spea zake hazipatikani kila mahali. Kabla ya kutamani chuma kigumu, uliza kwanza spea zake utazipata wapi.

Aina ya tatu ni guta la miguu mitatu. Linabeba mzigo mkubwa zaidi, lakini linataka barabara pana na tambarare. Kwenye njia ya ng'ombe, yenye mfereji katikati, gurudumu moja litakuwa juu na jingine chini. Kwa familia nyingi za vijijini guta si chaguo.

Katika makala hii tunazungumzia aina ya kwanza: baiskeli ya kawaida iliyoimarishwa keria. Ndiyo ambayo watu wengi wanaweza kuifikia, na ndiyo anayoitaka mume wa msikilizaji wetu.

Hesabu ya fedha

Tuchukue mfano. Bei tunazotaja hapa ni za kufanyia hesabu tu. Wewe weka za duka na fundi wa kwenu.

Tuseme baiskeli mpya ni shilingi 280,000. Fundi wa kuchomelea anachukua 40,000 kwa keria, chuma kikiwa juu yake. Pampu, spana, viraka, gundi na mipira ya kufungia mzigo ni 30,000. Jumla ni shilingi 350,000. Watu wengi husahau hizo 70,000 za mwisho, halafu baiskeli inakaa nyumbani wiki nzima kwa sababu ya pancha moja na hakuna pampu.

Sasa nyumba hii inatumia nini bila baiskeli? Tuseme kila wiki wanapeleka mahindi mashine mara moja, bodaboda anachukua 3,000 kwenda na kurudi. Kila wiki kuna mnada, na huko nauli pamoja na mzigo ni 5,000. Safari nyingine ndogondogo, kama zahanati au dukani, zinakula 2,000. Hiyo ni 10,000 kwa wiki.

Baiskeli haitaondoa gharama yote. Siku ya mvua kubwa utapanda bodaboda. Siku ya mgonjwa utapanda bodaboda. Tuseme inaokoa 6,000 kwa wiki. Kutoka hapo toa 1,500 ya matengenezo, yaani tairi, tyubu, spoki, gololi, breki na ujira wa fundi, ukigawanya mwaka mzima. Inabaki 4,500 kwa wiki.

Gawanya 350,000 kwa 4,500. Unapata kama wiki 78, yaani mwaka mmoja na nusu. Baada ya hapo, ukiitunza, kila wiki inakuachia zile 4,500 mfukoni.

Nyumba ya pili ina maji karibu, mashine iko jirani, na safari ya mzigo ni ile ya mnada tu. Wao wanaokoa 3,000 kwa wiki, na matengenezo ni 1,000. Inabaki 2,000. Baiskeli ileile itachukua wiki 175 kurudisha fedha, zaidi ya miaka mitatu. Kwa nyumba hiyo, kukodi baiskeli ya jirani siku ya mnada ni akili zaidi kuliko kununua.

Nyumba ya tatu inalima mboga, au ina maziwa ya kuuza mjini. Mnunuzi anayefika shambani anawapa bei ya shambani. Wakizipeleka wenyewe kwa baiskeli wanapata ziada, tuseme 10,000 kwa wiki. Ukijumlisha na zile 4,500, ni 14,500. Hapo baiskeli inajilipa ndani ya wiki 25 hivi, kama miezi sita.

Umeona, ndugu msikilizaji. Baiskeli ni moja, bei ni moja, lakini inajilipa kwa miezi sita, mwaka mmoja na nusu, au miaka mitatu na zaidi. Tofauti iko kwenye kazi inayoisubiri nyumbani.

Hesabu isiyoandikwa daftarini

Hesabu ya hapo juu ina kasoro moja. Imehesabu tu mizigo ambayo mtu alilipia nauli. Mizigo mingi ya vijijini haina nauli, kwa sababu inabebwa kichwani.

Tuanze na maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 ni kilo 20. Familia ya watu sita inayotumia madumu sita kwa siku inahitaji kilo 120 za maji kufika nyumbani, kila siku, Jumapili na sikukuu. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Wengi wenu mnatusikiliza kutoka mahali ambapo kisima bado kiko mbali zaidi ya hapo.

Tuseme kisima kiko kilomita moja na nusu. Kwenda na kurudi ni kilomita 3. Madumu sita kichwani ni safari sita, jumla kilomita 18. Kwa mwendo wa kawaida wa miguu, kilomita 4 kwa saa, hiyo ni saa nne na nusu, foleni bado hatujahesabu. Katika nyumba nyingi saa hizo zinagawanywa kati ya mama na mabinti.

Sasa weka baiskeli yenye madumu matatu, mawili pembeni na moja juu. Safari ni mbili badala ya sita. Wakati wa kwenda unapanda, na dakika kumi zinatosha. Wakati wa kurudi unaweza kuisukuma kwa mwendo uleule wa miguu, kama dakika 22. Safari mbili hazizidi saa moja na dakika chache. Saa tatu na nusu zimerudi nyumbani, kila siku.

Saa hizo zina bei gani? Hatuwezi kukuwekea tarakimu. Lakini mama anayepata saa tatu asubuhi anaweza kumaliza palizi kabla jua halijawa kali. Binti anaweza kufika shule kabla kengele haijagongwa. Zambia walilipima hilo. Wasichana waliokuwa wakiishi mbali na shule walipewa baiskeli, na watafiti wakawalinganisha na wenzao ambao hawakupewa. Muda wa kwenda shule ulipungua kwa takriban theluthi moja, na siku za kukosa masomo zilipungua kwa zaidi ya robo.

Hapa kwetu jambo hili lilionekana zamani. Katika miaka ya 1980, kulipokuwa na mradi wa usafiri wa vijijini wilayani Makete, ilibainika kwamba safari nyingi za mzigo za kaya hazipiti barabara kuu wala hazipandi gari. Ziko kwenye vinjia kati ya nyumba, shamba, kisima, msitu wa kuni na mashine, na anayezibeba zaidi ni mwanamke. Mradi ule ulishughulikia vinjia na kuhimiza punda, kwa sababu Makete ni nchi ya milima. Kwenye tambarare zetu za Kanda ya Ziwa, kazi ileile inaweza kufanywa na magurudumu mawili.

Kwa hiyo unapopiga hesabu, andika safu mbili. Safu ya kwanza ni fedha zinazookolewa. Safu ya pili ni saa na vichwa vinavyopumzishwa. Bei ya baiskeli unaijua siku ya kununua. Bei ya kutokuwa nayo hulipwa kila siku na mtu ambaye mara nyingi hakuulizwa.

Nani ataipanda?

Hapa ndipo wasiwasi wa mama aliyetuandikia una uzito. Zipo nyumba ambazo baiskeli ilinunuliwa kwa fedha ya mazao ya wote, lakini funguo ya kufuli iko mfukoni mwa baba. Asubuhi inatoka naye, jioni inarudi naye. Maji bado yanakuja kichwani. Baiskeli kama hiyo inaweza kumfaa baba, lakini si baiskeli ya familia, na hesabu ya saa tatu na nusu haipo tena.

Yako mambo mawili ya kukubaliana kabla mbuzi hawajatolewa zizini.

La kwanza ni ratiba. Asubuhi mpaka saa mbili baiskeli iko kwenye maji. Baada ya hapo yupo mwenye safari ya shamba au mjini. Jumamosi ni mashine, siku ya mnada ni mnada. Wasemeane wazi, watoto wakisikia.

La pili ni fremu. Baiskeli yenye bomba la juu, ambayo watu huiita ya kiume, inamsumbua mama aliyevaa gauni au kitenge, na inamsumbua zaidi anapotaka kushuka haraka na mzigo nyuma. Fremu ya bomba lililoshuka inapandwa na wote, baba akiwemo. Ukikuta fremu imara ya aina hiyo, usiikatae kwa sababu ya maneno ya kijiweni.

Kuna mfano wa mbali tunaoupenda. Mwaka 1984, katika mtaa wa Christiania jijini Copenhagen, Denmark, fundi aitwaye Lars Engstrøm alimtengenezea mke wake baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku kubwa mbele. Watu walipoiona, nao wakaitaka. Leo wazazi wengi wa jiji hilo wanapeleka watoto shule ya awali na kurudi na mahitaji ya nyumbani kwa baiskeli za aina hiyo. Wao pia hujiuliza kama zinarudisha gharama, maana zinauzwa kwa maelfu ya Euro, ila wanazilinganisha na bei ya gari. Sisi tunalinganisha na nauli ya bodaboda na shingo ya mama. Lakini yule fundi alianza pazuri: alimtazama atakayeitumia, ndipo akakata chuma.

Mahali ambapo hailipi

Mlima. Kama kati ya nyumba na kisima kuna mwinuko mkali, baiskeli yenye kilo 60 haipandiki, na kuisukuma kunachosha kuliko kubeba. Kushuka nayo ni hatari zaidi. Wenzetu wa Goma, Kongo, wana chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili ambacho hushusha mizigo mizito kutoka milimani. Wamekijengea hata sanamu mjini. Lakini waendesha chukudu ni watu wa kazi hiyo, si mtoto anayetumwa maji. Milimani, punda bado ana heshima yake.

Mchanga na matope. Tairi nyembamba huzama. Kama njia yenu ni mchanga mtupu au mbuga ya mfinyanzi inayonata miezi minne ya masika, ondoa miezi hiyo kwenye hesabu.

Umbali mdogo sana. Kisima kikiwa mita mia mbili, kufunga na kufungua madumu kutakula muda wote uliotaka kuokoa. Toroli la gurudumu moja linatosha.

Umbali mkubwa sana. Mji ukiwa kilomita 40, baiskeli yenye mzigo itakula siku nzima na nguvu za siku inayofuata. Hapo kusanyeni mizigo na majirani, mkodi gari au bajaji ya mizigo.

Fundi hayupo. Hili husahaulika. Baiskeli ya mizigo hukatika spoki na kupata pancha mara nyingi kuliko ya kutembelea. Kama fundi wa karibu yuko mbali, mmoja wenu nyumbani ajifunze kuziba pancha na kukaza spoki kabla ya kununua.

Usinunue kwa riba kabla ya kupiga hesabu hii

Wengi wenu mko kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Tuseme unakopa zile 350,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Riba peke yake ni 17,500 kila mwezi. Rudi kwenye nyumba yetu ya kwanza: baiskeli inaokoa 4,500 kwa wiki, yaani 18,000 kwa wiki nne. Ukilipa riba, inabaki shilingi 500, na deni lenyewe hujaligusa.

Mkopo wa namna hiyo unafaa tu kwa nyumba ya tatu, ile ambayo baiskeli inaingiza fedha mpya, na hata hapo kwa muda mfupi. Wengine wanufaike na upatu usio na riba, zamu ikifika unanunua kwa fedha taslimu. Njia nyingine ni kununua baiskeli iliyotumika, ukaiongezea keria polepole.

Ukinunua iliyotumika, kagua haya. Tazama viungo vya fremu, hasa chini ya kiti na chini ya usukani. Rangi iliyopasuka mstari mwembamba inaweza kuwa ufa. Tazama foko ya mbele kama haijarudi nyuma kwa kugonga kitu. Inua gurudumu la nyuma ulizungushe: likiyumba, rimu imepinda. Lishike ulitikise kulia na kushoto: likicheza, gololi zimekwisha au zimelegea. Halafu andikishaneni mauziano mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, mkiandika namba iliyogongwa kwenye fremu. Baiskeli ya bei ya kutupa isiyo na karatasi inaweza kukupeleka mahali hukutarajia.

Mzigo, breki na watoto

Mzigo mzito ukae chini na mbele, karibu na kiti. Ukiusogeza nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele litakuwa jepesi na usukani hautatii. Madumu yajazwe kabisa, kwa sababu maji nusu dumu huyumba na kukuyumbisha. Pande zote mbili ziwe na uzito sawa. Na lumbesa ambayo tunaikataa mnadani tusiipakie sisi wenyewe kwenye keria.

Breki za vyuma za baiskeli za zamani hudhoofika sana zikilowa. Mwendo nao una hesabu yake: ukienda mara mbili ya mwendo, nguvu ya kukusimamisha inatakiwa mara nne. Kwenye mteremko na mzigo, shuka usukume. Hakuna aibu.

Mtoto akibebwa kwenye keria, hatari kubwa iko miguuni. Mguu mdogo ukiingia kwenye spoki, gurudumu halisubiri. Mwambie fundi aweke bati au wavu kila upande wa gurudumu la nyuma, pamoja na chuma cha mtoto kuwekea miguu. Mtoto awe na cha kushikilia, na asichanganywe na mzigo. Mtoto mchanga ambaye shingo haijakaza asipandishwe baiskeli kabisa.

Usiku weka taa na kiakisi mwanga nyuma. Dereva wa lori haoni baiskeli nyeusi yenye gunia la mkaa.

Na jambo moja la dharura. Baiskeli si gari la wagonjwa. Mjamzito mwenye uchungu au anayetokwa damu, mama aliyejifungua karibuni, au mtoto mchanga aliyezidiwa, usimfunge kwenye keria. Piga 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama, uombe usafiri.

Tumjibu mama yetu

Mama, hatuwezi kukuambia akubali au akatae, kwa sababu hatujaona njia ya kisima chenu. Lakini tunaweza kukupa kazi ya wiki mbili.

Chukueni daftari la mtoto. Kila siku andikeni kila mzigo uliotoka au kuingia nyumbani: ulikuwa nini, umbali gani, nani aliubeba, ulichukua muda gani, na kama nauli ililipwa. Baba aandike yake, wewe uandike yako, wanaokwenda kisimani waandike yao. Kama kuna jirani mwenye baiskeli, ikodini siku mbili tatu mwone njia yenu inakubali au inakataa.

Baada ya wiki mbili kaeni chini, mfungue daftari pamoja. Kama mizigo ni michache, mbuzi wabaki. Kama ni mingi, na mmekubaliana kwamba asubuhi baiskeli ni ya maji, nunueni. Ila msiuze mbuzi jike wanaozaa, maana huko ni kuuza benki pamoja na riba yake. Uzeni madume, na kama hawatoshi, subirini mavuno au mwanze na baiskeli iliyotumika.

Tuna hakika na jambo moja. Daftari hilo likijazwa kwa ukweli, baba ataona kwa macho yake mzigo mnaobeba wewe na mabinti kila siku. Hata kama hamtanunua baiskeli, mazungumzo ya nyumba hiyo hayatakuwa yale ya jana.

Nanyi wasikilizaji wengine, fanyeni hesabu hii kwa bei za kwenu, kisha mtutumie majibu. Tajeni kijiji na kata, na mtuambie safari ipi inawachosha zaidi. Tutayasoma katika kipindi kijacho, na fundi wa baiskeli atakuwa nasi studio kujibu maswali yenu. Mpaka hapo, mzigo uwe mwepesi.